Shangazi, naogopa kuitwa "yule wa Lutindi"

Barua hii ilinifikia usiku wa Jumamosi. Asubuhi yake, kabla hata sijafikiria kuichapa, niliipigia namba iliyoandikwa chini, nikazungumza na mwandishi, kisha na kijana anayelala naye chumba kimoja. Ameridhia isomwe na wengine. Jina, chuo na kozi nimeviondoa, na mambo mengine machache nimeyabadili ili asijulikane.

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 23, niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga. Nakuandikia saa tisa usiku kwa sababu siku hizi usingizi wangu unakatika saa hiyo, na ukishakatika haurudi. Nalala macho nikisikiliza upepo ukipiga mabati mpaka adhana ya alfajiri.

Nianzie mwaka jana. Baba alifariki nikiwa katikati ya mitihani. Alifariki Jumanne asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mimi nilikuwa na pepa Jumatano, Alhamisi na Jumatatu iliyofuata. Nyumbani wakakubaliana nisiambiwe. Nikipiga simu anapokea dada, ananiambia mama amelala, baba yuko shamba. Nikamaliza mitihani nikapanda basi, nimembebea baba zabibu za Dodoma kwenye ndoo ndogo. Mjomba ndiye aliyenipokea stendi ya Muheza. Akaniambia njiani, tukiwa tunatembea. Nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yameshaanuliwa na majamvi yamerudishwa msikitini. Zile zabibu walikula watoto.

Sikulia. Watu wakasema nimekuwa mwanaume. Mama akaniambia, "Tulikuficha ili usome, mwanangu, hata baba yako angetaka hivyo." Nikamjibu sawa. Lakini moyoni mpaka leo nasema wangeniambia tu. Hata kama ningefeli pepa zote, wangeniambia tu.

Tangu hapo kuna kitu kimeniganda. Chakula hakina ladha. Nikikaa darasani mhadhiri anaongea, nasikia sauti lakini maneno hayaingii. Mpira nimeacha, na mimi ndiye niliyekuwa namba sita wa timu ya kozi yetu. Muhula uliopita nimepata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na nisipozitoa nadisko, naondolewa chuo. Mimi ni wa kwanza katika nyumba yetu kufika chuo.

Wiki mbili zilizopita, usiku wa Alhamisi, niliamua kwamba imetosha. Sitaki kueleza nilikuwa nimepanga nini. Nilimwandikia mdogo wangu meseji ya kumuaga, sijaituma. Mwenzangu wa chumbani akajigeuza kitandani akauliza, "Oya, hujalala?" Nikashindwa kumjibu. Nikaanza kutetemeka mwili mzima. Aliwasha taa akakaa na mimi mpaka kukakucha.

Asubuhi alinipeleka zahanati ya chuo. Nilipofika dirishani nikasema nina matatizo ya mawazo. Muuguzi akaniuliza kwa sauti, na benchi limejaa watu, "Mawazo gani, ya mapenzi?" Watu wakacheka. Nikapimwa presha na malaria, nikaambiwa sina kitu, nipunguze mawazo, ninywe maji ya kutosha, niswali. Nikatoka na panadol.

Tangu siku hiyo mwenzangu halali vizuri. Nikiamka kwenda chooni naye anaamka. Nimemuapisha kwa Mwenyezi Mungu asimwambie mtu. Naye ana mitihani yake.

Shangazi, nataka msaada lakini kila mlango naogopa. Hapa Dodoma mtu akikosea kidogo wenzake wanamwambia "wewe wa Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwetu neno ni Lutindi, nayo ni hospitali kama hiyo. Mjomba wangu, huyo huyo aliyenipokea stendi, alipelekwa Lutindi nikiwa darasa la nne. Alikaa miezi kadhaa. Alirudi, akaoa, ana watoto watatu na shamba la michungwa, na msimu ukifika malori yanakuja kupakia kwake. Lakini mpaka leo akizozana na mtu juu ya mpaka wa shamba anaambiwa "mwacheni, huyo wa Lutindi". Nikienda hospitali watasema ni damu ya ukoo, sasa imehamia kwangu.

Halafu nimesoma kwenye simu kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nikimweleza daktari ukweli si ataita polisi? Na nikiahirisha mwaka mkopo unasimama. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likiingia huwa natuma sehemu nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu aliye kidato cha tatu, maana mama anauza machungwa tu pale barabarani. Mama mwenyewe ana presha. Nikimwambia jambo hili nitamuua, na sisi tumeshazika mmoja. Kuna ndugu mmoja msikitini amenishauri nifanyiwe kisomo, anasema hii ni husda na hospitali hawaiwezi.

Niahirishe mwaka? Niende hospitali? Nimwambie mama? Au nivumilie tu mpaka nimalize, imebaki miezi michache?

Wako,
Aliyekosa usingizi, Dodoma

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile nililokuuliza kwenye simu kabla hata ya kukusalimia vizuri: je, leo unafikiria kujiua? Nimelirudia hapa kwa sababu wapo wasomaji watakaoona nilikuwa na ukali, au watakaoogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Mtu aliye katika hali yako wazo anatembea nalo tayari. Akiulizwa waziwazi, mara nyingi anashusha pumzi. Wewe ulinyamaza, kisha ukasema, "Leo hapana, Shangazi, lakini jana ndiyo." Nilikushukuru kwa jibu hilo na nakushukuru tena.

Kile kitu ulichokuwa umekihifadhi kimetoka chumbani, mwenzako amenihakikishia. Kisirudi. Mawazo haya huja kama wimbi: linapanda, linafika juu kabisa, linashuka. Muda wa hatari kubwa mara nyingi ni mfupi, mfupi kuliko unavyouona ukiwa ndani yake. Ndiyo maana nakutaka uwe mbali na kile ulichokipanga, na karibu na mtu aliye macho. Hivyo havitaondoa shida zako hata moja, lakini wimbi litapita likuache upo.

Na likipanda tena usiku, usingoje kukuche. Mwamshe mwenzako, chukueni bajaji mwende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ambayo watu wa Dodoma wanaiita General, au Benjamin Mkapa, yoyote iliyo karibu. Idara ya magonjwa ya dharura haifungwi. Dirishani usiseme "nina mawazo", maana neno hilo kwetu limebeba kila kitu, kuanzia deni la duka hadi mapenzi. Sema hivi: "Nina mawazo ya kujiua na sijiamini kuwa peke yangu usiku huu. Nahitaji daktari sasa, na naomba kuzungumza faraghani." Ukiona mdomo utakuwa mzito, yaandike leo kwenye simu yako ili umwonyeshe tu. Kadi ya bima kama iko hai ichukue. Kama haiko hai, nenda hivyo hivyo. Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199, nayo inafaa kwa kuuliza mambo ya afya, ila usiku wa namna hiyo usiishie kwenye simu.

Hayo yalikuwa ya haraka. Sasa tukae chini tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwishoni umeweka maswali manne, lakini kilichonishika mimi kiko mwanzoni: ndoo ya zabibu. Ulisafiri kutwa nzima na zawadi ya mtu aliyekwisha kuzikwa, na kila aliyekuwa upande wa pili wa simu alijua isipokuwa wewe. Najua kwa nini wazee wanafanya hivyo. Wanafanya kwa mapenzi. Nimeyaona katika ukoo wangu mwenyewe, na siku moja nilikuwa miongoni mwa waliokubali kumficha kijana msiba mpaka amalize mtihani, na mpaka leo sina hakika kama tulimtendea haki. Hukumwosha baba yako, hukumswalia, hukutia mchanga. Ulifika shughuli imekwisha, ukaambiwa umekuwa mwanaume kwa sababu hukulia. Mimi sishangai kwamba kitu kimekuganda.

Lakini soma tena maneno yako mwenyewe: "Wangeniambia tu. Hata kama ningefeli pepa zote, wangeniambia tu." Kisha soma ulichoandika kuhusu mama yako. Wao walikuficha ili usome. Wewe sasa unamficha ili asiugue. Sikwambii kwamba ni jambo moja, na sikwambii ukimbilie simu sasa hivi. Nakuuliza tu: mama yako akija kujua baadaye kwamba mwanawe alikuwa anakesha akiutafuta mwisho wake naye hakuambiwa, unadhani atasema nini? Unaijua ladha ya kuambiwa habari njiani kutoka stendi.

Umeandika kwamba ukimwambia utamuua. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa sababu presha ni ya kweli. Ila mama huyo amemzika mume na wiki hiyo hiyo akaweza kunyamaza kwenye simu ili wewe ufanye mtihani. Huyo si mtu mwepesi kuvunjika. Kama utaamua kumwambia, si lazima aambiwe yote, wala si lazima awe wa kwanza, wala si lazima iwe kwa simu usiku. Neno "naumwa, silali, naanza matibabu" ni kweli tupu na halimtupi mtu chini. Yale mazito zaidi yanaweza kungoja awepo mtu wa kukaa karibu naye.

Na hapo ndipo ninapomfikia mjomba wako.

Umemweka kwenye orodha ya hofu. Mimi namwona kwingine. Angalia ulivyomwandika: alitibiwa, akarudi, ameoa, ana watoto watatu, malori yanapakia kwake. Watu wa mipaka ya mashamba wanamwita wanavyomwita, na inauma, sitakudanganya kwamba maneno hayo yatakwisha wewe ukipona. Lakini familia yenu ilipotafuta mtu wa kukupa habari ya kufiwa na baba, hawakumtuma mwingine yeyote. Walimtuma "yule wa Lutindi". Inaelekea nyumbani wanajua jambo juu yake ambalo wale wa mipakani hawalijui.

Lutindi yenyewe watu wengi wanaitaja bila kuijua. Iko juu ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe, katikati ya mashamba ya chai. Ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na wagonjwa wanaopata nafuu hufanya kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya matibabu. Mirembe hapo Dodoma ipo tangu 1927, nayo leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Watu wanaoingia pale asubuhi kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje na kurudi kazini mchana ni wengi kuliko utani wa vijiweni unavyokubali: walimu, askari, akina mama wenye watoto mgongoni.

Kuhusu damu ya ukoo, ukweli uko katikati. Maradhi haya yanaweza kutembea katika familia, kama presha inavyoweza. Kuwa na ndugu aliyeugua kunaongeza uwezekano; hakuandiki hatima ya mtu. Mimi siwezi kukuambia una nini. Inaweza kuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inaweza kuwa msiba uliokosa kuliliwa, inaweza kuwa vyote viwili vimekumbatiana, na daktari makini atapima pia damu na tezi la shingo, kwa sababu mwili nao huweza kuleta hali kama hii. Habari za mjomba, kama atakubali, zitamsaidia daktari huyo, maana dawa iliyomfaa ndugu wa damu ni jambo analopenda kulijua.

Swali la polisi nalijibu kwa uangalifu. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kinapingana na katiba yao. Kwetu bado kipo, na binafsi natamani kiondoke, kwa sababu kazi kubwa ninayoiona kikifanya ni kumfunga mdomo mtu kama wewe. Lakini kisome vizuri: kinazungumzia kujaribu. Kuwa na mawazo si kosa, kumweleza daktari mawazo hayo si kosa, na kwenda hospitali kwa miguu yako kuomba msaada si kosa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mtu anayeomba matibabu kwa hiari yake. Nisichoweza kukuahidi ni kwamba hutalazwa. Daktari akiona hatari ni kubwa atapendekeza ulazwe, na zipo hali ambazo sheria inaruhusu mtu kulazwa hata bila ridhaa yake. Anayekwenda mapema, akiwa bado anaweza kueleza na kuuliza, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kutibiwa huku akilala chumbani kwake.

Yule muuguzi wa zahanati alikukosea. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya safu hii, na naona aibu kwa niaba ya sare niliyoivaa. Mtu akitaja mawazo dirishani, anaitwa pembeni. Basi. Hilo halihitaji bajeti wala mafunzo ya mwaka mzima. Nawe una haki ya kukasirika. Ninachokuomba ni usiipe dakika ile mamlaka ya kuamua maisha yako. Ulikwenda kwenye dirisha moja, na nyuma ya dirisha hilo hukumfikia hata daktari.

Kliniki ya afya ya akili siku ya kwanza huwa ni mazungumzo zaidi kuliko kingine chochote. Utaulizwa usingizi, chakula, masomo, msiba, pombe na bangi kama zipo, na utaulizwa waziwazi kuhusu kufa. Unaweza kupangiwa vikao na msaikolojia, unaweza kupewa dawa, au vyote. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadol. Huchukua wiki mbili hadi sita kabla mtu hajaona tofauti ya maana, na siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu au kutotulia. Kwa vijana wa umri wako, chini ya miaka 25, wiki hizo za mwanzo zinahitaji jicho la karibu, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujiua huweza kuongezeka kabla ya kupungua. Mwambie daktari umri wako na ule usiku wa Alhamisi, panga naye tarehe ya kurudi iliyo karibu, na ukijisikia vibaya usiache dawa ghafla kimyakimya. Rudi ukaseme.

Msaikolojia naye si lazima wa kwanza akufae. Ukikaa naye mara mbili tatu ukaona hamwelewani, kuomba mwingine si utovu wa adabu.

Sasa mwaka wa masomo. Hapa nilitarajia kuwa na jibu na sina, kwa sababu naona pande zote mbili. Kubaki kuna faida yake: una mwenzako, una ratiba, kliniki iko karibu, na umebakiza miezi michache. Hatari yake ni zile sapu; kichwa kisichoshika maneno ya mhadhiri kinaweza kisishike pepa, na kufeli ukiwa katika hali hii ni jambo ninaloliogopa. Kuahirisha kunakupa nafasi ya kupumua, na Muheza kuna mama na mjomba. Lakini nyumbani pia ndiko kwenye kaburi ambalo hujalizoea, kliniki itakuwa safari, mchana mrefu usio na kazi si rafiki wa mtu asiyelala, na bumu litasimama mpaka utakaporudi. Ipo pia njia ya kati ambayo hujaitaja: kuomba kuahirishiwa mtihani mmoja au miwili kwa sababu za kiafya, bila kuahirisha mwaka mzima. Si kila chuo kinafanana, kwa hiyo hilo liulizwe kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mwombe akueleze kwa maandishi: chuo kitaipa nini Bodi ya Mikopo, utarudishwaje, tarehe ya mwisho ni lini, bweni litakuwaje. Usisaini siku hiyo hiyo.

Jambo moja tu nakusisitizia hapo. Anayeahirisha kwa barua ya daktari na idhini ya chuo ana karatasi ya kurudi nayo. Anayetoweka hana. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakipoteza nafasi si kwa kuugua bali kwa kuondoka kimya kwa aibu. Barua ya daktari haina lazima ya kutaja mawazo ya kujiua. Inaweza kusema unatibiwa na unahitaji muda. Muulize kabla hajaandika.

Na zile fedha unazotuma nyumbani, umewahi kumuuliza mama kama zikikosekana muhula mmoja itakuwaje? Huenda zinategemewa kabisa. Huenda pia anazipokea kwa sababu hataki kukuvunja moyo. Mimi sijui, na kwa barua yako nadhani na wewe hujui.

Ndugu yako wa msikitini simpingi katika kisomo. Qur'ani ikisomwa juu ya mtu aliyechoka humtuliza, na kama moyo wako unaitaka, usiinyime. Ninapoachana naye ni pale anaposema hospitali hawaiwezi. Mtume mwenyewe alituamrisha tutafute dawa, kwa kuwa hakuna maradhi Mwenyezi Mungu aliyoyashusha bila kuyashushia dawa. Kwa hiyo pokea kisomo kutoka kwa mtu asiyekutaka uache dawa, asiyekuzuia kula, asiyekufungia ndani, na asiyekudai fedha ambazo huna. Akitaka mojawapo ya hayo, ondoka kwa adabu.

Nimebaki na kijana mmoja ambaye barua yako imempitia haraka: mwenzako wa chumbani. Aliniambia kwenye simu kwamba hajalala usiku mzima hata mara moja tangu ile Alhamisi. Anasikiliza pumzi zako. Umri wake ni sawa na wako, na umemfunga kwa jina la Mwenyezi Mungu asiombe msaada. Mwanangu, mfungue. Leo, kwa mdomo wako, mwambie kiapo kile kimekwisha, na kwamba akiona hatari anaweza kumwita yeyote: mlinzi, mshauri wa wanafunzi, mimi. Kisha chagueni wote wawili mtu wa pili wa kujua, ili zamu ziwe za watu wawili. Nahodha wa timu yenu ya mpira, yule uliyemtaja kwenye simu mara tatu bila mimi kumuuliza, anakuulizia bado?

Umeniuliza pia kama uvumilie tu mpaka umalize. Umevumilia mwaka mzima, na uvumilivu huo ndio uliokufikisha kwenye ule usiku. Silisemi kwa lawama. Nalisema kwa sababu umezoea kujiona dhaifu, na mimi ninayekusoma naona mtu aliyebeba mzigo kwa nguvu nyingi mno na kwa muda mrefu mno bila kubadilisha bega.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Nimekutajia hesabu hii ili ujue kwamba daktari utakayemkuta hatashangaa. Ameshakaa na vijana wengi wenye vitabu mkononi na macho mekundu kama yako.

Namba ya mjomba unayo. Sijui kama utampigia, na kama utampigia ni wiki hii au baada ya kliniki. Hilo ni lako. Ila ukipiga, usianze na sapu wala mkopo. Muulize, "Mjomba, ulipokuwa Lutindi, usiku ulikuwaje?" Kisha umwache aongee.

Alhamisi saa mbili usiku nitakupigia kama tulivyokubaliana. Mwambie mwenzako apokee endapo utakuwa umelala.

Shangazi yako